Mgambo Ametafuna Mboga Yangu

Mgambo alichuma jani moja, akalitia mdomoni bichi, akalitafuna taratibu huku amefumba macho, kisha akalitema kiganjani na kumnyooshea mjumbe ule uji wa kijani ili naye aukague.

"Chungu," alitoa taarifa.

Mjumbe akavaa miwani, akatazama kiganja, akamtazama mwenye kiganja. "Na bangi nayo ni chungu?"

Chumba kikawa kimya. Tulikuwa tumejazana mle ndani hadi kitandani, wengine wamesimama kizingitini, watoto wamepenyeza vichwa chini ya makwapa ya wakubwa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kujibu swali lile mbele ya mama mwenye nyumba. Kijana wa chumba cha mwisho, ambaye moshi wake sote tunaufahamu tangu enzi, aligundua ghafla kuwa kamba ya kiatu imelegea, akainama kuifunga. Alikuwa amevaa kandambili.

Hayo ni ya Jumamosi iliyopita, saa mbili kasoro usiku, katika chumba ninacholipia kodi Ilala, hatua chache tu kutoka Barabara ya Uhuru. Masikio yangu bado yana moto. Mpaka leo nikipita koridoni mazungumzo yanakatika, na nikishafika uani yanaendelea kwa sauti ya chini kuliko yalivyoanza.

Mshtakiwa wa kwanza alikuwa ndani ya ndoo ya rangi iliyotobolewa kitako: shina moja lisilotimiza dhiraa, majani ya kutosha, na juu yake taa iliyoning'inizwa kwenye kamba ya chandarua. Mshtakiwa wa pili nilikuwa mimi, nimevaa kikoi, maana hodi ya mgambo haisubiri mtu avae suruali.

Mgagani, jamani. Mboga ya majani. Dodoma unajiotea wenyewe mashambani mvua zikinyesha, watu wanauchuma, wa ziada wanauanika. Ng'ambo ya mpaka Wakisii na Wajaluo wanaupika kwa maziwa kupunguza ule uchungu aliouripoti mgambo. Pale Arusha kuna kituo cha utafiti wa mboga cha World Vegetable Center, kimefunguliwa tangu 1992, na miongoni mwa mbegu wanazozitunza kwa heshima zote ni hizi za mgagani. Sijawahi kusikia mtu akifungwa kwa ajili yake. Nilikuwa karibu kuwa wa kwanza.

Sikatai kwamba unafanana. Jani la mgagani lina vidole vitano vilivyotawanyika kutoka ncha ya kikonyo kimoja kirefu, na picha ambayo mgambo wetu alijifunzia bangi ni ile inayochapwa kwenye fulana za mitumba za Karume, pembeni ya uso wa Bob Marley. Shina na vikonyo vyake vina vinyweleo vyenye utomvu unaonata, na utomvu huo una harufu nzito isiyotoka mkononi kwa sabuni ya kwanza. Sura ipo, gundi ipo, harufu ipo. Hata mimi ningekuwa mgambo ningegonga mlango. Ila nisingetafuna.

Nikajitetea kwa elimu. Nikamweleza mjumbe, kwa adabu na shikamoo zote, kwamba bangi hutoa majani yake mawili mawili yakikabiliana kwenye shina, angalau ikiwa bado changa. Kwamba baada ya yale majani ya mbegu, jozi ya kwanza ina kidole kimoja tu kila jani, inayofuata vitatu, kisha vitano, saba, wakati mwingine tisa. Kwamba kingo za kila kidole ni msumeno mtupu, mtu anauona hata akiwa amesimama mlangoni. Mgagani hauko hivyo. Majani yake yanapishana, moja huku moja kule, yakizunguka shina. Unaanza na vidole vitatu, unafika vitano, mara chache saba, na kingo zake ni laini au zina vijino vidogo mno hata uvitafute kwa kucha.

Mgambo alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia mjumbe. "Mzee, umesikia? Anaijua mpaka jozi ya kwanza."

Tangu hapo kila nilichokisema kilihamia upande wa mashtaka. Nilipotaja mhogo, ambao nao jani lake lina vidole, akauliza kama nina mhogo pia, na uko chumba gani. Nilipotaja kwamba bangi ina miti ya kiume na ya kike mbali mbali, mama mwenye nyumba akaweka mkono kifuani na kusema, "Mwanangu, haya yote umejifunzia wapi, na mimi nakuona unakwenda kazini?"

Kisha mjumbe akauliza swali la maana, kwa upole wa mzee aliyekwisha suluhisha kesi nyingi za mabeseni na kamba za kuanikia nguo: "Sasa, mboga kwa nini uioteshe ndani?"

"Kwa sababu nje hakuna jua, mzee."

Walicheka. Walicheka hadi mtoto mmoja akadondoka kutoka kwenye ndoo aliyokuwa amesimamia. Dar es Salaam, mwezi huu, joto hili, watu wanalala uani kwa sababu ndani ni tanuri, na mimi nimesimama na kikoi nasema hakuna jua. Mgambo alifuta machozi kwa kiganja kile kile.

Lakini hakuna. Nyumba yetu ni ya Kiswahili ya zamani: vyumba sita, koridoo katikati, nyuma uani kuna jiko, bafu na choo. Mitaa hii ilipimwa kwa nyumba za namna hiyo. Wajerumani walianza na Kariakoo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakaja kuongeza Ilala, na pamoja na ubaya wao wote hesabu yao ilikuwa nyumba za chini, kwa hiyo jua likipanda linafika uani kwa kila mtu, mpangaji na mwenye nyumba. Tangu miaka ya 1990 viwanja vile vile vya Kariakoo, ambavyo havijaongezeka hata futi moja, vimeanza kubebeshwa ghorofa sita, nane, kumi, na wimbi hilo limevuka mpaka kwetu. La jirani yetu liliota upande wa mashariki. Nasema liliota kwa sababu halikuuliza mtu. Tuliona mabati ya kuzungushia, tukaona nondo, kisha siku moja asubuhi mama mwenye nyumba akaanika kanga zake saa tatu na saa tisa zilikuwa bado mbichi. Ukuta ule uko karibu na dirisha langu kiasi kwamba nikinyoosha mkono naugusa, na mara kadhaa nimeugusa, si kwa mapenzi.

Adhuhuri ya Dar isiyo na mawingu ina mwanga wa karibu luksi 100,000. Simu yangu ina programu ya kupimia. Dirishani kwangu, saa ile ile, haifiki 300. Macho ya binadamu yanadanganyika kirahisi, yanazoea, yanaona chumba kina mwanga wa kutosha kusomea gazeti. Mmea haudanganyiki. Na mgagani ndio mmea wa mwisho duniani wa kuwekwa kwenye kiza, kwa sababu ni mla jua wa daraja la juu.

Hapa niruhusiwe kidogo. Mimea mingi, pamoja na hiyo bangi niliyosingiziwa, ina udhaifu mmoja wa kurithi: kile kimeng'enya kinachokamata hewa ya ukaa ili itengenezwe sukari, rubisko, huchanganyikiwa joto likizidi, kikakamata oksijeni badala yake, na nguvu zikapotea bure. Mahindi, muwa na mtama vilipata dawa. Vina pampu ndani ya jani inayoisukuma hewa ya ukaa na kuirundika pale kimeng'enya kilipo, kisikose. Wataalamu wanaviita mimea ya C4. Mgagani, huu huu unaojiotea kando ya jaa, nao una pampu hiyo, ingawa ukoo wake uko karibu na kabichi, ambayo haina. Kwa sababu hiyo Chuo Kikuu cha Cambridge kina watu wanaouchunguza mgagani seli kwa seli, kwa matumaini kwamba siku moja mpunga nao utaweza kufanya hivyo. Cambridge unachunguzwa kwa darubini. Ilala unachunguzwa kwa meno.

Miche yangu ya kwanza, kabla ya taa, ilirefuka kwa siku chache tu ikawa nyuzi, myeupe kwenye shina, yote imeinama upande mmoja kufuata kile kipande cha anga kinachoonekana juu ya ghorofa, kisha ikalala chini na kufa. Nilisikitika, halafu nikavutiwa, na kuvutiwa ndiko kulikonigharimu. Charles Darwin na mwanawe Francis waliwahi kukaa na miche ya nyasi wakaivisha vikofia visivyopitisha mwanga, kwenye ncha tu. Miche yenye kofia haikuinama. Iliyofunikwa chini, ncha ikabaki wazi, iliinama sawasawa. Mwaka 1880 wakaandika kwamba ncha ndiyo inayoona, na kwamba kuna kitu kinasafiri kutoka huko kwenda chini kuliambia shina lipinde. Ilibidi kusubiri miaka ya 1920 ndipo Mholanzi Frits Went akakinasa kitu chenyewe, auksini. Inakimbilia upande wenye kivuli, seli za upande huo zinarefuka zaidi, shina linapinda kuelekea mwanga. Kwa hiyo miche yangu haikuwa dhaifu. Ilikuwa inatumia akiba yote iliyonayo kumkwepa mjenzi wa ghorofa.

Basi nikaenda Kariakoo kutafuta taa. Naisifu Kariakoo popote nilipo: utapata kitu ambacho hata aliyekitengeneza hajui ni cha nini. Muuzaji aliitoa chini ya kaunta, taa pana ya LED, wati 45, vijitaa vyekundu na vya bluu. Akaniuliza, "Ya kazi, kaka?" Nikajibu ya kazi. Akanikonyeza, akaitia kwenye mfuko mweusi wa plastiki bila kuombwa. Mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo katika kesi hii yote kitu pekee haramu kilichoingia nyumbani kwetu kilikuwa ni ule mfuko, na hakuna aliyeuliza habari zake.

Vyekundu na vya bluu kwa sababu ndizo rangi ambazo klorofili inazila zaidi: bluu ya karibu nanomita 450, nyekundu ya karibu 660. Kijani inalika kidogo, sehemu yake inarudishwa, na ndiyo maana majani tunayaona ya kijani. Tunaona mabaki ya mezani. Ukichanganya bluu na nyekundu bila kijani jicho linapata zambarau kali, na jani lenyewe, likikosa kijani cha kurudisha, linaonekana jeusi. Mimi nilikiona chumba changu kizuri sana wakati wa usiku. Uani walikiona kwa nje, kupitia pazia.

Dhana zilikuja kwa mpangilio. Kwanza uganga: mtu mzima, hajaoa, chumba kinawaka zambarau, kuna kitu anakifuga. Dhana hiyo ilinipa wiki za heshima ambazo sijawahi kuzipata. Watu walikuwa wananipisha foleni ya bafu. Kisha ikaja dhana ya ukumbi wa starehe, nayo ikafa yenyewe kwa kukosa wageni. Bangi ilikuwa ya tatu, na isingefika popote lau si LUKU.

Maana chanzo halisi cha kesi ni LUKU. Wapangaji sote tunatumia mita moja na tunachangia sawa. Bei ya majumbani kwa watumiaji wadogo ni shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 za mwezi, ukivuka hapo inaruka hadi 350, na nyumba ya vyumba sita inavuka mapema mno. Mtu yeyote mwenye taa ya ajabu ndiye aliyeturusha ukuta. Nilifanya hesabu nikaibandika mlangoni: wati 45 kwa saa 16 ni uniti 0.72, kama shilingi 250 kwa siku. Birika la umeme la jirani yangu wa mkono wa kulia lina wati 2,000. Dakika 22 za birika lile zinakula umeme sawa na siku nzima ya taa yangu, na mwenye birika anakunywa chai kuliko mtu yeyote niliyepata kumfahamu. Hesabu ile ilikuwa sahihi mpaka nukta. Kesho yake niliikuta imechanwa, na nadhani hapo ndipo mtu alipoamua kwenda kwa mjumbe.

Saa 16 zenyewe zikawa kosa jingine. Mgambo, ambaye nilikuwa nimeanza kumdharau, alizitazama saa kwenye kiswichi cha taa, kile cha kujizima, na akasema jambo ambalo ni kweli tupu. "Mzee, hawa wanaolima ndani huko Ulaya wanawasha taa saa kumi na nane, wanazima sita. Nimeona kwenye simu. Wanazuia isitoe maua."

Nilipaswa kunyamaza. Lakini mtu anapogusa jambo unalolipenda hunyamazi. Nikamwambia yuko sahihi kabisa, na kwamba siri hiyo iligunduliwa kwa tumbaku: Wamarekani wawili, Garner na Allard, walikuwa na aina moja iliyokuwa ikirefuka kiangazi chote bila kuchanua, basi wakawa wanaifungia kwenye kibanda cha giza kabla jua halijatua, nayo ikachanua. Wakaandika mwaka 1920. Mimea inahesabu urefu wa usiku. Bangi nayo inahesabu. Ukiufupisha usiku kwa taa, inaendelea na majani ikidhani ni majira ya joto ya kaskazini. Sisi huku hatuna majira hayo, siku ndefu kuliko zote Dar haizidi ile fupi hata kwa saa moja. "Ila mimi," nikamalizia, "sikuwa nazuia maua. Taa yangu ni dhaifu. Ni kama bomba letu la uani: linatoa uzi wa maji, kwa hiyo unaliacha usiku kucha ndoo ijae."

"Kwa hiyo unakiri saa," alisema mgambo.

Joto likazidi, kikao kikahamia sebuleni kwa mama mwenye nyumba, ndoo ikabebwa na watu wawili kana kwamba inaweza kukimbia. Pale mtu mmoja, simtaji, alikuwa na simu mkononi na tarakimu 119 zimeshaandikwa, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, bado kidole tu. Mimi sicheki na mamlaka hiyo. Wanapanda milima ya Arumeru hadi Kisimiri Juu kufyeka mashamba ambayo mwenyewe akisikia gari anatokomea msituni. Sheria ya mwaka 2015, Na. 5, inakataza kulima bangi bila kuuliza kama ni ekari au ndoo, na mwenye nyumba anayeruhusu naye ana fungu lake humo. Mama mwenye nyumba alilisikia fungu hilo likisomwa kwenye simu ya mjukuu wake na akaanza kulia, kilio cha kweli, cha mtu anayeiona nyumba ya marehemu mumewe ikiondoka kwa sababu ya mpangaji na ndoo yake. Kicheko changu, kama nilikuwa nacho, kiliishia hapo.

Nikainua macho ili nisimwangalie akilia. Juu ya kabati ya vyombo, imeshuka mpaka kwenye televisheni, kulikuwa na ua lake la plastiki, lile la kuning'inia, la Kariakoo, analolipangusa vumbi kila Ijumaa. Nilikuwa nimeliona mara nyingi bila kulitazama. Majani mawili mawili, yanakabiliana. Kila jani vidole saba. Kingo msumeno.

Nilihesabu mara ya pili. Vidole saba. Mgambo alikuwa ameketi chini yake kabisa, jani moja linamgusa kofia. Nikafungua mdomo, nikakumbuka kwamba kodi ya miezi sita inayokuja sijailipa, nikaufunga.

Aliyetuokoa ni mama anayeuza mboga soko la Ilala, mpangaji wa chumba cha mbele, ambaye alikuwa anarudi na beseni kichwani na akakuta nyumba nzima sebuleni akidhani kuna msiba. Alishusha beseni. Akasogea kwenye ndoo, akasugua jani kati ya vidole viwili, akanusa mara moja.

"Huu si mgagani huu?" Kisha akanigeukia mimi, na sauti ikabadilika. "Na umeuacha mpaka unaweka maua! Kwa nini hukukata ncha? Ungekata ncha ungekupa matawi, ungechuma mpaka uchoke. Sasa majani yamekuwa madogo, machungu. Watu wengine bwana."

Nikajaribu kumweleza kwamba ndiyo, ncha inashusha auksini inayovizuia vichipukizi vya pembeni, na ukiiondoa... Akasema hayo hajui, yeye anakata tu.

Wananchi wakahamia kosa hili jipya bila hata kupumzika. Kuharibu mboga. Mjumbe, ambaye alikuwa na njaa na alitaka kufunga faili, aliamua kwamba kwa kuwa mama wa sokoni ameutambua, mmea si haramu. Kwamba hata hivyo nyumba imeingia hofu. Kwamba taa ya zambarau haina mila hapa kwetu. Na kwamba mimi nitoe soda kwa wote waliosumbuka, akiwemo mgambo, ambaye aliomba ya tangawizi kuondoa ule uchungu. Nikatoa. Hakuna aliyesema samahani. Mama mwenye nyumba alisema, "Leo mgagani. Kesho je?" na watu wakatikisa vichwa kwa jinsi swali lile lilivyokuwa zito.

Nimelala nalo swali hilo na sasa lina wenzake. Ukuta ule wa mashariki umesimama pale bila mtu kuja kwetu na karatasi, bila mtu kusema jamani tunawachukulia asubuhi yenu, mnasemaje. Beda Amuli alipolichora Soko la Kariakoo, lililofunguliwa 1975, aliliezeka kwa miavuli ya zege iliyoinuliwa juu ili hewa na mwanga vipite kwa muuza nyanya. Kwa hiyo siyo kwamba nchi hii haijawahi kuwa na mtu wa kuwaza jambo hilo. Kwa ukuta huu wetu hakuna aliyewaza. Tulipokwenda kuuliza, kwenye ofisi moja tuliambiwa vibali viko sawa, kwenye nyingine kwamba tungelalamika mapema, kabla ya msingi, yaani wakati tulipokuwa bado na jua na hatujui kama tutalikosa. Nguo zetu zinanuka unyevu, mtoto wa chumba cha pili anakohoa, mwembe wa uani umekauka tawi moja moja kuanzia upande ule. Hayo hayakuita kikao. Mimi nimenunua kipande cha jua kwa pesa yangu, wati 45, nikakitundika kwenye kamba ya chandarua, nimeletewa mjumbe na mgambo. Hakuna mtu aliyepanda ghorofani kutafuna zege.

Yaliyofuata ni madogo. Samadi ya kuku niliyopewa sokoni ilikuwa mbichi, ikaunguza mizizi ya ndoo ya pili na kufukuza watu koridoo nzima. Umeme ulikatika nikiwa kazini, ulivyorudi ukarudi kwa hasira, ukala kiswichi. Wadudu weupe walitokea nisikokujua. Bodaboda wa kona sasa wananiita Mtaalamu, na juzi vijana wawili waliovaa kofia walinigongea dirishani saa sita usiku kuuliza bei. Nikawaambia ni mgagani, wakasema wanaelewa, wanaelewa, na leo wako tayari kulipa ya juu kidogo.

Mkataba mpya wa pango umekuja na kifungu cha kalamu, mwandiko wa mjukuu: mpangaji asioteshe kitu chochote ndani, wala asiwashe taa ya rangi. Nimeweka sahihi. Taa nimemuuzia mama wa sokoni, ambaye ana mpango nayo na hajasema ni upi.

Na ghorofa limepata mpangaji wa chini, saluni ya kiume. Wiki hii wamefunga bango lao la taa, linakesha, na linamulika moja kwa moja kupitia pazia langu hadi ukuta wa pili. Ni la zambarau. Nimekwenda kwa mama mwenye nyumba kumwambia silali. Alikuwa anapangusa ua lake.

"Vumilia, mwanangu," alisema. "Ile ni biashara ya watu."